Nani hasa anakula mboga zako? Jibu kwa msomaji wa Mikindani

Msomaji mmoja wa Mikindani, mkoani Mtwara, ameuliza hivi: "Naishi kwenye mteremko ulio nyuma ya mji, pale nyumba zinapoishia na mikorosho kuanza. Nyuma ya jiko nina bustani ya hatua ishirini kwa kumi na mbili, nimepanda mchicha, nyanya, bamia na matembele. Alfajiri tumbili wanashuka na kuharibu nyanya. Mchicha unaamka umetobolewa, na bamia zimedumaa ingawa nazimwagilia kila siku. Jirani ananishauri niweke sumu ndani ya ndizi. Mwanangu ameniletea dawa iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho. Nifuate ushauri upi?"

Dada yangu, nianze na hayo mawili ya mwisho, kwa sababu hayasubiri. Ndizi yenye sumu usiiweke, na dawa ya mikorosho usiipige kwenye mboga.

Ndizi iliyotegwa haichagui mlaji. Anayeweza kuikuta kwanza ni mtoto wa jirani, mbuzi aliyekata kamba au mbwa wako mwenyewe. Na tumbili aliyeila atakwenda kufia kisimani au darini kwa mtu. Isitoshe, tumbili ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujiulia wanyamapori kwa sumu au mitego bila kibali. Kama kundi limekuwa kubwa na limeanza kuingia ndani ya nyumba au kutishia watoto, taarifa inapelekwa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kupitia serikali ya mtaa. Usitarajie kifuta jasho, kwa maana malipo hayo yaliwekwa kwa ajili ya madhara ya wanyama hatari kama tembo, kiboko na mamba, ambayo wenzetu wa Liwale na Nachingwea wanayafahamu vizuri kuliko sisi wa pwani.

Kuhusu dawa, tafakari jambo moja. Mkorosho unapuliziwa ili kulinda vichipukizi na maua, na tunachokula baadaye ni punje iliyofungwa ndani ya ganda gumu. Mchicha unachumwa wiki tatu au nne tu baada ya kuota, na kinachoingia chunguni ni lile lile jani lililopigwa dawa. Kipimo kilichowekwa kwa ajili ya mti mkubwa, na siku za kusubiri zilizohesabiwa kwa ajili ya korosho, havina maana yoyote kwa mboga ya majani. Nikiongeza kwamba dawa "iliyobaki" huwa imehamishiwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, hata mimi niliyefanya kazi ya ugani kwa miaka mingi siwezi kukuambia kilichomo. Kama ni salfa ya unga, hiyo angalau naijua: inasaidia dhidi ya ubwiri unga, yaani ule ukungu mweupe unaofunika majani, na utitiri, lakini haiui viwavi, haimfukuzi tumbili, na ikipigwa kwenye jua kali la kwetu inaunguza majani, hasa ya matango na maboga. Mrudishie mwanao, na umweleze kwa upole, kwa sababu alikusudia mema.

Sasa tuje kwenye bustani yenyewe. Maelezo yako yananionyesha kuwa huna adui mmoja. Unao watatu, na kila mmoja ana saa yake na alama yake. Kosa ninaloliona mara nyingi katika bustani za Mtwara na Lindi ni mtu kumlaumu yule anayeonekana. Tumbili ana makelele na ana mkia, kwa hiyo anabebeshwa hata dhambi zisizo zake. Niliwahi kuitwa na mzee mmoja wa mji wa Mtama, mkoani Lindi, aliyekuwa amekesha siku nne na manati akiwavizia tumbili kwa sababu ya matuta yake ya matembele. Tulipokwenda kuangalia tulikuta mashimo yamechimbwa kwa chini, viazi vimetafunwa vikiwa ardhini, na pembeni ya tuta kulikuwa na mwiba mmoja mrefu wenye mistari myeupe na myeusi. Alikuwa nungunungu, mnyama wa usiku, ambaye alikuwa akila huku mzee amelala, kwa kuwa alilinda mchana tu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, tembelea bustani yako mara mbili: saa nne usiku ukiwa na tochi, na alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Tumbili hula mchana. Hung'ata tunda mara moja, akalitupa na kuchukua jingine, na huvunja shina kwa uzito wake. Panya hula usiku, huanza na nyanya zilizo karibu na ardhi, na huacha michirizi miwili miwili ya meno. Ndege, hasa shore, hutoboa tunda lililoiva kwa juu na kuacha tundu lenye kingo zilizochanika. Nguruwe pori hana siri, kwa maana utakuta tuta zima limepinduliwa kama lililolimwa. Na usisahau kuku: palipopekuliwa na miche kutupwa kando mizizi ikiwa juu, mhalifu analala bandani kwako.

Mchicha unaotobolewa usiku una washukiwa wawili wakubwa. Ukiona njia ya ute uliokauka, inayong'aa juani kama gundi, huyo ni konokono, yule mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki ambaye hapa ndipo kwao. Ukiona vijidonge vyeusi vya kinyesi juu ya majani, au jani limekunjwa na kushonwa kwa nyuzi laini, huyo ni kiwavi. Ukikuta mche mzima umekatwa chini kama kwa wembe na kulala ubavu, fukua udongo kwa kidole kuzunguka shina. Utamkuta sota, kiwavi wa rangi ya udongo, amejikunja kama herufi C. Mtoe na umpe kuku. Konokono waokote kwa mkono uliovaa mfuko wa nailoni, usiku baada ya mvua au baada ya kumwagilia, na uondoe vifuu, mbao na majani yaliyolundikana kandokando ya matuta, maana ndimo wanamojificha mchana. Chumvi usiimwage bustanini. Inaua konokono mmoja na kuharibu udongo wa kichanga ambao tayari una shida ya kutosha. Na ubadilishe saa ya kumwagilia: badala ya jioni, mwagilia asubuhi, ili usiku ukute uso wa tuta umekauka. Badiliko hilo peke yake hupunguza konokono kwa kiasi kinachoonekana.

Kwa viwavi na vidukari, tunayo miarobaini kila kona. Saga mbegu zilizokauka zilizotolewa ganda, pima gramu hamsini kwa kila lita moja ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, changanya na kipande kidogo cha sabuni ya mche iliyoparuzwa, kisha pulizia jioni, na upeleke bomba chini ya majani, kwa maana huko ndiko wadudu wanakokaa. Nasema jioni kwa sababu jua huivunja dawa hiyo upesi. Majani ya mwarobaini pia hufaa, ila nguvu yake ni ndogo kuliko ya mbegu. Dawa hii haiui papo hapo. Humfanya mdudu aache kula na ashindwe kukua, hivyo usikate tamaa asubuhi inayofuata ukiwaona bado wapo. Rudia baada ya siku tano hadi saba, na osha mboga vizuri kabla ya kupika. Ukilazimika kununua dawa ya dukani, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, lebo yake itaje mboga unayoipanda, na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabiwe kwenye kalenda.

Hapa niongeze neno moja juu ya wale sisimizi wekundu wa mitini tunaowaita maji moto, wanaoshona majani ya mkorosho na mwembe kuwa viota. Wanauma, najua. Lakini ni walinzi, na wamefanyiwa utafiti katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kwa sababu wanawinda mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza vichipukizi vyake. Mti wenye maji moto ukiwa kandokando ya bustani, uache. Kila anayepiga dawa kali ovyo anawaua hao kwanza, na wadudu waharibifu hurudi kabla yao.

Bamia zako ndizo zilizonisumbua zaidi nilipokuwa nasoma swali lako. Mmea unaomwagiliwa kila siku na bado ukadumaa, majani yakawa ya manjano, na saa sita mchana ukanyauka hata kama udongo una maji, mara nyingi tatizo lake liko chini ya ardhi. Ng'oa bamia moja, ile iliyodumaa kuliko zote. Usiivute kwa nguvu, kwa kuwa mizizi itakatika na ushahidi utabaki ardhini. Chimba kwa jembe dogo kuizunguka, inyanyue pamoja na udongo wake, iweke ndani ya ndoo ya maji na uitikise polepole mpaka mchanga uzame. Kisha iinue mbele ya mwanga. Mizizi mizima ni myembamba na laini kama nyuzi. Ukiona imevimba hapa na pale, kama uzi uliotungwa shanga zisizolingana, nyingine ndogo kama punje ya mtama na nyingine zimeungana kuwa donge kama kipande cha tangawizi, hao ni minyoo fundo.

Watu wengi huchanganya mafundo hayo na yale yaliyo kwenye mizizi ya kunde na karanga, ambayo ni baraka. Tofauti yake ni hii: fundo la kunde limebandikwa pembeni ya mzizi, ukilisugua kwa kidole gumba linabanduka, na ukilipasua lina wekundu ndani. Fundo la minyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Minyoo yenyewe hutaiona kwa macho. Inapenda udongo wa kichanga na wenye joto, yaani udongo wetu hasa kuanzia Mikindani mpaka Lindi, na inapenda bamia, nyanya, bilinganya na matembele, yaani karibu bustani yako yote. Ndiyo maana kupanda bamia, halafu nyanya, halafu bamia tena kwenye tuta lile lile ni sawa na kuwaandalia minyoo karamu ya mwaka mzima.

Dawa ya kumwaga na kumaliza kazi katika bustani ya jikoni haipo, na anayekuuzia kopo akikuahidi hivyo usimwamini. Lililopo ni kuwanyima chakula na kuwachosha. Ng'oa bamia zote zilizoathirika pamoja na mizizi, zikaushe juani na uzichome. Usizitupe kwenye lundo la mboji. Tuta hilo lipumzishe kwa kupanda marejea, lile zao la kurutubisha udongo lililoenezwa sana kutoka Peramiho, kwa miezi miwili au mitatu, kisha lifukie kabla halijakomaa. Usipopata mbegu ya marejea, panda ufuta, ambao Lindi na Mtwara haukosekani. Minyoo hao hawanufaiki nao kama wanavyonufaika na bamia. Ongeza samadi iliyooza vizuri kila msimu, maana udongo wenye uhai una viumbe wengi wanaowala minyoo hao, na mmea wenye nguvu hustahimili. Njia nyingine inayofaa sana kwetu ni jua lenyewe: lowesha tuta, lifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, fukia kingo zake zote kwa udongo, na uliache hivyo wiki nne hadi sita katika miezi ya joto kabla mvua za Desemba hazijaanza. Kwa sasa, kama unataka bamia, zipande kwenye viroba vilivyojazwa udongo uliochanganywa na samadi na kuletwa kutoka mahali pasipowahi kulimwa mboga. Kiroba kimoja kinatosha mashina mawili.

Tumbili nimewaacha mwisho makusudi, kwa sababu kuwashughulikia kunahitaji utulivu. Nilikuwa na bustani ndogo nyuma ya nyumba niliyopanga Lindi, upande wa Mingoyo, na asubuhi moja nilikaa dirishani kuwatazama bila kupiga kelele. Dume alitangulia, akakaa juu ya paa la banda la kuku, akatazama mlango wa jiko kwa muda mrefu. Mlango ulipobaki umefungwa, alishuka akachuma nyanya, akaing'ata, akaitupa; ya pili hivyo hivyo; ya tatu akaondoka nayo. Majike wenye watoto walisubiri kwenye tawi la mwembe lililoning'inia juu ya uzio, na hawakushuka mpaka yeye alipomaliza kutazama. Sanamu yangu yenye shati na kofia ilikuwa imesimama katikati ya matuta. Mmoja wa wadogo aliipanda begani.

Tangu siku hiyo naamini kwamba tumbili haogopi kitu kisichotembea, na kwamba bustani inalindwa na mlango ulio wazi kuliko uzio. Mboga zinazopendwa na tumbili zikae karibu kabisa na jiko, mahali unapopita kila mara, na shughuli zako za alfajiri zihamie huko: kuosha vyombo, kuwasha jiko la mkaa, kufua. Utakuwa umepata faida mbili, maana maji ya kusuuzia yasiyo na sabuni nyingi yatakwenda moja kwa moja kwenye matuta. Mbwa akifungwa hapo kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu, na tena jioni, atafanya kazi kubwa kuliko waya. Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa. Na mtu akiumwa na tumbili, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo waondolee daraja. Tawi lolote la mwembe au mkorosho linaloning'inia juu ya bustani au karibu na paa likatwe, ili mnyama alazimike kuvuka hatua kumi za uwanja mweupe, jambo asilolipenda kwa sababu hapo hana pa kukimbilia. Mabibo yanayodondoka msimu wa korosho yaokotwe kila siku, hata kama hutayatumia, pamoja na maembe na maganda ya ndizi. Mara nyingi tumbili huitwa na mabibo, na bustani huiona akiwa tayari amefika. Mikorosho ikiwa si yako, zungumza na mwenyewe. Kuokota kwa pamoja ni rahisi kuliko kugombana.

Nyanya zinahitaji chumba chao. Tengeneza kizimba cha fito au mianzi, upana wa hatua mbili na urefu wa hatua nne, kimo cha kukuwezesha kuingia ukiwa umeinama, na ukifunike pande zote pamoja na juu. Wavu wa kuku ni mzuri lakini bei yake si ya kila mtu, na nyinyi wa Mikindani mna bahati ambayo watu wa Newala hawana: nyavu za kuvulia zilizochakaa. Waulize wavuvi pale ufukweni. Kipande kilichokwisha kufaa baharini bado kina nguvu za kumzuia tumbili na ndege. Usiuvute ukakaza kama ngoma. Wavu uliolegea kidogo unayumba anapoukanyaga, na tumbili hapendi kusimama mahali panapoyumba. Chini ufukie kwa udongo kiasi cha kiganja kimoja ili kuku wasipenye, na uukague kila asubuhi, maana hata nyoka na ndege hunasa. Chandarua cha kulalia kisiguswe. Kile kilichochanika kisichozibika unaweza kukiweka juu ya kitalu cha miche, ambako kitapunguza kuingia kwa yule nondo wa nyanya aitwaye kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 akitokea mbali, Amerika ya Kusini ndiko kwao.

Nje ya kizimba, ukingoni upande wa mikorosho, panda pilipili, mchaichai, vitunguu na nyanya chungu. Si kwamba mimea hiyo inafukuza tumbili kwa harufu, kama wengi wanavyodai. Kwa maoni yangu hilo limetiwa chumvi. Ni kwamba mara nyingi hawaili, kwa hiyo sehemu ngumu kulindwa inabaki na mazao yasiyohitaji mlinzi. Mchicha na matembele vitabaki wazi katikati, na utapoteza kidogo. Mimi hupanda mstari mmoja wa ziada kwa ajili hiyo, na silalamiki.

Kwa kuanzia, wiki hii ng'oa ile bamia moja na kuitia kwenye ndoo, na utoke na tochi angalau usiku mmoja. Kizimba kifuate, kabla nyanya hazijaanza kuiva. Msimu ujao sia kitalu cha nyanya mwezi wa Aprili au Mei, mvua zinapomalizika, ili zizae katika miezi ya ubaridi ambapo magonjwa ya majani ni machache. Na hata ukishakuwa na wavu, nyanya zinapoanza tu kubadilika rangi zichume jioni ile ile, uzipange kwenye ungo ndani ya nyumba. Zitaiva zenyewe kwa siku tatu au nne, na alfajiri dume la tumbili litakapokaa juu ya banda lako halitaona kitu chekundu.